Kabla Farasi Hawajaachiwa: Historia ya Kupima Washindani, Kutoka Buha Hadi Ngong

Mwaka 1871 mwandishi wa habari Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo kwenda kumtafuta David Livingstone. Alikuwa na farasi wawili aliopewa zawadi Unguja, mmoja na Sultani Barghash, wa pili na mfanyabiashara wa Kimarekani. Hawakufika mbali. Walipopiga kambi Kingaru, bado wakiwa upande wa pwani, yule wa Kiarabu, zawadi ya Sultani, alikufa. Stanley alimpasua aone kama ni kazi ya mbung'o, akakuta minyoo imeng'ang'ania ndani ya tumbo, kisha akaamuru mzoga uzikwe. Mkuu wa kijiji akaja na madai yake: mgeni amefukia mnyama katika ardhi ya watu bila kuomba ruhusa, basi alipe faini ya doti mbili za nguo. Stanley akajibu kwamba kama ugomvi ni ardhi, askari wake watamfukua farasi na kumwacha pale pale juu. Mkuu alipowaza harufu itakayofuata, akaona heri marehemu abaki alipolala. Haikupita siku, farasi wa pili naye akafa.

Kwa hiyo Stanley alipoingia Buha, nchi ya Waha, miezi kadhaa baadaye, akabanwa na chifu Mionvu kulipa hongo (ushuru wa njia) kubwa ya nguo, na mwishowe akatoroka na msafara wake usiku kwa njia ya porini kuelekea Ujiji, hakuwa na farasi hata mmoja. Farasi wake walikuwa wameshashindwa mbio bila kumwona mpinzani.

Kisa hiki kinafaa kutangulia makala inayohusu namna ya kuwapima washindani wa mbio kubwa za farasi, zile za uwanja tambarare zisizo na vizingiti vya kuruka. Mtabiri wa kawaida huanza na majina yaliyo kwenye orodha. Historia ya Afrika Mashariki inamtaka arudi nyuma kidogo na kuuliza orodha ilichujwaje. Siku ya Derby, mbio kubwa ya farasi wa miaka mitatu, lango likifunguliwa, wengi wameshaondolewa kwa ugonjwa, kwa nasaba, kwa fedha na kwa sheria. Aliyeuelewa mchujo huo ameshafanya nusu ya kazi ya kutabiri.

Mchujo wa mbung'o

Msomaji wa Kabanga, pale jirani na mji wa Kasulu penye hospitali ya misheni na chuo cha ualimu, hana sababu ya kushangaa kwamba hajawahi kuona farasi akipita mbele ya nyumba yake. Nyanda za juu za Buha zilifuga ng'ombe wenye pembe ndefu tangu enzi za Abami, watawala wa Heru. Baridi ya vilima na uwazi wa malisho viliwapunguzia mbung'o. Lakini nyanda hizo zilizungukwa na miombo, na miombo ni maskani ya mbung'o. Farasi wa kutoka pwani alilazimika kuvuka pori hilo kwa majuma na majuma. Ng'ombe wa asili angeweza kuponyoka, punda angeweza kujikongoja, lakini farasi alikuwa wa kwanza kuanguka.

Sababu yake ilieleweka kisayansi miaka ya 1890, pale David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, alipofanya utafiti Ubombo katika nchi ya Wazulu. Aligundua kwamba ugonjwa wa nagana unaletwa na vijidudu vya damu vinavyosafirishwa na mbung'o kutoka kwa wanyama pori. Nyati na kulungu hubeba vijidudu hivyo bila kudhurika sana. Farasi akivipata hukonda, hupungukiwa damu, huvimba miguu na tumbo, kisha hufa.

Buha iliijua vizuri nguvu ya mdudu huyo, kwa sababu jamii ya vijidudu hivyo hivyo ndiyo iletayo malale kwa binadamu. Mwaka 1933 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilianza kuwahamisha watu wa Kibondo waliokuwa wakiishi kwa kutawanyika porini na kuwakusanya katika makazi ya pamoja, ili msitu ufyekwe na mbung'o akose kivuli. Familia ziliacha mashamba na makaburi ya wazee wao. Mdudu aliyemzuia farasi asiingie ndiye aliyepanga upya ramani ya vijiji.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilitoa ushahidi mwingine. Mwaka 1916 wapanda farasi wa Afrika Kusini waliongozwa na Jenerali van Deventer kutoka Moshi hadi Kondoa kupambana na jeshi la Wajerumani la von Lettow-Vorbeck. Walitazamia vita vya mwendo wa kasi. Wanyama wakafa kwa maelfu katika kampeni ile, na askari waliokuja juu ya tandiko wakamaliza vita kwa miguu. Linganisha na Ethiopia, ambako nyanda za juu zisizo na mbung'o ziliwalea farasi kwa karne nyingi na kuwapa Waoromo wapanda farasi mashuhuri, au Lesotho, ambako milima ilizaa farasi mfupi, mgumu, anayepanda mawe kama mbuzi. Afrika ilikuwa na farasi popote mdudu aliporuhusu.

Madina, Mtoni na Lamu

Elimu ya kuwapima wakimbiaji ilifika pwani yetu kutoka Uarabuni, na ni ya zamani kuliko klabu yoyote ya Uingereza. Katika hadithi iliyopokewa na Ibn Umar, na iliyomo katika Sahihi Bukhari, Mtume Muhammad aliandaa mashindano ya farasi Madina kwa makundi mawili. Farasi waliokwisha kukondeshwa na kuandaliwa kwa mazoezi walikimbia kutoka al-Hafya hadi Thaniyyat al-Wada, mwendo wa maili kadhaa. Wale ambao hawakuandaliwa walikimbia kutoka Thaniyyat hadi msikiti wa Bani Zurayq, kama maili moja tu. Ibn Umar mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioshindana. Tazama busara iliyomo: umbali ulipangwa kulingana na maandalizi, ili farasi ashindane na wa daraja lake. Fikihi nayo iliweka mipaka ya zawadi za mashindano, ikataja wanyama wa ukwato, ngamia na mishale, na kuiweka kamari mbali.

Unguja ya Sultani Seyyid Said ilirithi mapenzi hayo. Binti yake Salme, aliyezaliwa 1844 na kuandika kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, anaeleza jinsi watoto wa kiume wa jumba la Mtoni walivyofundishwa kupanda wangali wadogo, na yule aliyefuzu akapewa mnyama wake mwenyewe. Farasi alikuwa pia kauli ya serikali. Mwaka 1840 jahazi liitwalo Sultana, chini ya mjumbe Ahmad bin Naaman, lilitia nanga New York likiwa na zawadi za Seyyid Said kwa rais wa Marekani, na ndani yake walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu. Seyyid alichagua kutuma kile ambacho Mwarabu aliamini hakina mpinzani.

Watu wa kawaida wa pwani, wasio na uwezo wa kulisha farasi, waliendelea na punda. Lamu wakati wa Maulidi hushindanisha punda kando ya bahari, mbele ya umati uliojaa gatini na barazani. Anayetaka kuona upimaji wa washindani ukifanywa kwa jicho tupu aende huko. Wenyeji huangalia kwato kama zimechongwa vizuri, huangalia mgongo kama una vidonda vya shogi, hutazama masikio kama mnyama yu macho au amechoka. Kisha hutazama mtoto aliyempanda, kwa sababu punda mwenye mbio akimpata mpandaji asiyejua kumwongoza huenda akageukia uchochoro wa nyumbani kwao na mchezo ukaishia hapo.

Daftari la nasaba

Waingereza waliigeuza elimu hiyo kuwa daftari. Kati ya mwisho wa karne ya 17 na nusu ya kwanza ya karne ya 18 walileta madume wa Mashariki na kuwapandisha kwa majike wao. Watatu kati yao, Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian, ndio mababu wa upande wa kiume wa kila farasi wa mbio wa damu safi aliye hai leo. Darley Arabian alitoka Aleppo, Syria, mwaka 1704, na uzao wake umewameza karibu wote. Mwaka 1791 likachapishwa daftari la nasaba. Hatimaye farasi asiye na jina katika daftari la namna hiyo akakosa nafasi katika mbio kubwa, hata angekimbia kama upepo.

Ndani ya kipindi hicho zikawekwa mbio ambazo hadi leo ndizo mizani ya farasi wa miaka mitatu: St Leger mwaka 1776, Oaks ya majike mwaka 1779, na Derby ya Epsom mwaka 1780, aliyoshinda Diomed. Derby ya kwanza ilikuwa ya maili moja. Baadaye ikaongezwa hadi maili moja na nusu, takriban mita 2,400, na hapo ndipo ugumu wake ulipo. Mwenye mbio za ghafla hana pumzi ya mwisho, na mwenye pumzi hana kasi ya kujinasua kwenye kundi. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na Epsom ukingo wake ni ule mteremko wa kuingia mita za mwisho.

Katikati ya karne ya 19 Admirali Henry John Rous alitengeneza jedwali la uzito: farasi wa umri huu, mwezi huu, umbali huu, abebe kiasi gani ili haki itendeke. Katika mbio za kusawazisha, bora hubebeshwa mzigo mkubwa ili wote wakaribiane. Katika mbio za daraja la juu kama Derby, msaada huo haupo. Madume wote hubeba uzito mmoja, na majike hupunguziwa kidogo. Hilo ni jambo la kwanza ambalo mtabiri mgeni hulisahau. Farasi aliyeshinda mara tatu mfululizo akiwa amepakiwa uzito mwepesi, siku ya Derby mzigo wake utalingana na wa wenzake, na sifa zake zinaweza kuyeyuka.

Sayansi ya karne yetu imeongeza kipimo kingine. Mwaka 2010 watafiti wa Dublin wakiongozwa na Emmeline Hill walionyesha kwamba tofauti ndogo katika jeni inayodhibiti ukuaji wa misuli inahusiana na umbali unaomfaa farasi: wa mbio fupi, wa kati au wa masafa. Wafugaji wa zamani walikuwa wakilikisia jambo hilo kwa kutazama mapaja.

Nairobi, 1926

Farasi wa damu safi alifika Afrika Mashariki pamoja na reli na walowezi, na Nairobi ilikuwa na mashindano tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Mji ulikuwa juu ya mbung'o, lakini si juu ya tauni ya farasi, ugonjwa unaoenezwa na visubi wa usiku, na unaoishi kwa pundamilia bila kumsumbua. Wafugaji waliwafungia farasi ndani kabla ya jua kuzama, na wengine walipoteza zizi zima katika msimu mmoja wa mvua.

Katika mazingira hayo alikulia Beryl Markham, mtoto wa mkufunzi wa farasi wa Njoro, Charles Clutterbuck. Baba alipohamia Peru, binti alibaki na kupata leseni ya ukufunzi akiwa na miaka 18 au 19. Sehemu ya mbio za St Leger ya Nairobi za 1926, kama alivyoisimulia mwenyewe katika kitabu chake cha 1942, ni somo kamili la kupima washindani.

Alikuwa na dume aitwaye Wrack, akamtayarisha kwa miezi. Zikiwa zimebaki wiki chache, mwenye farasi akamwondoa na kumpeleka kwa mkufunzi mwingine, akihofia kumwachia mwanamke kijana farasi mwenye thamani hiyo. Markham akabaki mikono mitupu. Rafiki yake Eric Gooch akampa jike aitwaye Wise Child: nasaba nzuri, moyo mkubwa, lakini kano za miguu ya mbele zilikuwa zimeharibiwa na mazoezi mazito kabla ya wakati. Daftari lingesema Wrack. Miguu ingesema Wrack. Wengi walisema Wrack.

Kazi ya wiki zile ilifanywa na Markham pamoja na arap Ruta, Mnandi aliyekua naye tangu utotoni na sasa alikuwa nguzo ya zizi lake. Kila siku walipima joto la kano kwa viganja, wakaamua leo ni mbio au ni matembezi tu. Hawakuweza kumkimbiza sana asije akavunjika, wala hawakuweza kumpumzisha sana asije akakosa pumzi. Siku ilipofika, chini ya mpanda farasi Sonny Bumpus, Wise Child aliongoza na kumaliza mbele ya Wrack, miguu ikimwisha huku moyo ukimsukuma.

Fundisho lake linapita kisa cha dume na jike. Walioitazama orodha kutoka jukwaani walipima sifa zilizoonekana: misuli, ushindi wa nyuma, jina la mwenye mali. Waliomjua mnyama ni wale waliolala karibu naye. Kwa miongo mingi watu hao walikuwa masaisi wa Kiafrika, ambao majina yao hayakuandikwa kwenye kijitabu cha programu. Daftari la nasaba lilikuwa na nafasi ya babu wa farasi hadi kizazi cha kumi, lakini halikuwa na nafasi ya aliyemlisha asubuhi.

Nyumba ya Aga Khan

Hakuna familia iliyounganisha Afrika Mashariki na Epsom kama ya Aga Khan. Aga Khan wa Tatu, ambaye mwaka 1946 wafuasi wake wa Kiismaili walimpima kwa almasi jijini Dar es Salaam, alishinda Derby ya Epsom mara tano: 1930, 1935, 1936, 1948 na 1952. Mjukuu wake, Aga Khan wa Nne, aliyefariki Februari 2025, naye alishinda mara tano, kuanzia Shergar wa 1981 aliyeacha wenzake kwa urefu wa farasi kumi, tofauti ambayo haijawahi kuzidiwa katika Derby hiyo. Miaka miwili baadaye Shergar aliibwa Ireland na hakuonekana tena.

Derby ya 1936 inafaa kusomwa na kila anayejiona hodari wa kutabiri. Aga Khan alikuwa na farasi wawili wenye nafasi. Gordon Richards, mpanda farasi mkubwa kuliko wote wa zama zile, alimpanda Taj Akbar. Mahmoud, mdogo wa umbo, mwenye rangi ya kijivu, alipandwa na Charlie Smirke, na wajuzi walisema nasaba yake haina pumzi ya umbali ule. Walikosea kwa sababu walisahau kutazama chini. Kulikuwa na ukame na ardhi ilikuwa ngumu. Juu ya ardhi ya aina hiyo farasi mwepesi hatumii nguvu nyingi kunyanyua miguu, na kasi yake humbeba mbali kuliko nasaba inavyoruhusu. Mahmoud akashinda, Taj Akbar wa pili, na muda wake wa dakika 2 na sekunde 33.8 ukadumu kama rekodi hadi 1995.

Aliyeivunja, Lammtarra, ni somo la upande mwingine. Alikuwa amekimbia mara moja tu maishani, Agosti 1994. Mkufunzi wake wa kwanza aliuawa, farasi akaugua, na akaingia Epsom baada ya miezi kumi bila shindano. Wakamari walimweka 14 kwa moja. Kwa kipimo cha mbio za karibuni, hakuwa na lolote. Kwa nasaba, baba yake Nijinsky na mama yake Snow Bride walikuwa wameshinda mbio kubwa za Epsom kwenye umbali ule ule. Ukosefu wa ushahidi ulisomwa kama ushahidi wa udhaifu.

Kuisoma orodha ya Ngong

Tangu 1954 mbio za Nairobi zimekuwa katika uwanja wa Ngong, chini ya Jockey Club ya Kenya, kwa kawaida Jumapili. Derby ya Kenya ni ya farasi wa miaka mitatu, umbali wa mita 2,400, na ipo katikati ya mfululizo wenye Guineas ya mita 1,600 na St Leger ndefu zaidi. Farasi huchanjwa dhidi ya tauni ya farasi, lakini nchi nyingi bado zinaweka masharti magumu kwa farasi wa kutoka ukanda huu, kwa hiyo idadi ya washindani ni ndogo na damu mpya huja kwa gharama. Waliopanda farasi pale miaka ya karibuni ni pamoja na wanaume wa Kikenya kama Patrick Mungai na James Muhindi, na mwanamke, Lesley Sercombe. Mlango uliokuwa umefungwa umefunguka kwa mpandaji, ingawa umiliki bado ni wa wachache.

Kijana wa Kasulu anayeandaa mkeka wake kwenye simu hupewa namba moja tu, odi, na odi ni maoni ya umati yaliyovalishwa hesabu. Historia tuliyoipitia inampa mpangilio mwingine. Kwanza umbali: je, mama na baba wa farasi huyu walitoa watoto waliodumu mita 2,400, au ushindi wa Guineas umewalaghai watu? Katika kundi dogo la Ngong swali hili hupata jibu haraka, maana familia ni zile zile. Pili ardhi: mvua za masika Nairobi hubadilisha uwanja ndani ya juma moja, na farasi wa ardhi kavu huzama kwenye tope. Tatu uzito alioubeba alipopata ushindi wake, kwa sababu Derby haimpi upendeleo huo tena. Nne miguu: farasi wa miaka mitatu bado mifupa yake inakomaa, na aliyekimbizwa sana akiwa na miwili ameshalipa deni lake mapema. Tano, mpandaji na zizi. Odi iangaliwe mwisho, na itumike kujua wapi umati umekosea.

Orodha ya namna hii haihakikishi ushindi kwa mtu yeyote. Mwaka 1926 ingempa Wise Child alama nzuri kila mahali isipokuwa kwenye miguu, na ingekuwa na haki kabisa kumtilia shaka. Kilichomvusha kilikuwa wiki kadhaa za kazi ya watu wawili ambao hakuna daftari lililowapima. Tanzania bara, ambako mbung'o alifunga njia kabla hata ya mkoloni, haina Derby yake na pengine haitakuwa nayo karibuni. Lakini ina vijana wanaojua ng'ombe kwa kumgusa, na ujuzi huo ndio ulioshinda mbio Nairobi. Iwapo siku moja farasi wa damu safi atafugwa katika nyanda za Kasulu kwa chanjo na zizi lenye wavu wa visubi, mshindani wa kwanza wa kupimwa awe yule saisi atakayemlea.